Chembe Nyingi, Hali Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ufungamano wa Kwanta

Kila baada ya miezi michache hutoka habari kwamba wanasayansi wamefungamanisha chembe nyingi kuliko waliowatangulia. Mara 14, mara 51, mara milioni 16. Ukurasa huu ni wa mtu anayesoma habari hizo kwa hamu kisha akabaki na swali moja: wamejuaje? Nimefundisha fizikia ya sekondari kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu huliuliza swali hilo kabla ya jingine lolote. Naliona ni bora kuliko yote, na sehemu kubwa ya majibu hapa chini inalizunguka.

Ufungamano wa kwanta ni nini?

Anza na kandambili. Umeondoka nyumbani alfajiri gizani, umefika Morogoro, unafungua mfuko na kukuta umebeba ya kushoto peke yake. Papo hapo unajua kwamba iliyobaki nyumbani ni ya kulia. Hapo hakuna ajabu, kwa sababu kandambili ilikuwa ya kushoto tangu ulipoitia mfukoni. Uhusiano wa aina hii umejaa duniani na hauhitaji fizikia ya kwanta.

Chembe mbili zilizofungamana zinafanana na jozi hiyo kwa jambo moja tu: ukipima moja, unajua utakachokuta kwenye nyingine. Zinapoachana na kandambili ni hapa: hakuna iliyokuwa "ya kushoto" kabla ya kupimwa. Jozi nzima ina hali inayojulikana kikamilifu, lakini chembe mojamoja haina hali yake peke yake. Erwin Schrödinger, aliyelipa jambo hili jina mwaka 1935, alikazia hapo hapo: unaweza kujua yote yanayoweza kujulikana kuhusu kitu kizima na bado usijue yote kuhusu sehemu zake.

Chembe hizo zinaweza kuwa fotoni za mwanga, ioni, atomu, au hata saketi ndogo za umeme zilizopoozwa sana. Tukitumia chembe kubeba majibu mawili tu, 0 au 1, tunaiita kyubiti.

Nani alihakikisha kwamba majibu hayakuwa yameandikwa tangu mwanzo?

Mwaka 1964 John Bell alionyesha kwamba swali hilo linaweza kupelekwa maabara. Ikiwa kila chembe imebeba majibu yake tayari, uhusiano kati ya vipimo vya pande mbili una kikomo, na fizikia ya kwanta inatabiri kwamba kikomo hicho kitavukwa. Stuart Freedman na John Clauser walikivuka Berkeley mwaka 1972, Alain Aspect na wenzake Orsay mwaka 1982, na mwaka 2015 maabara za Delft, Vienna na Boulder ziliziba kwa pamoja mianya mikuu iliyokuwa imebaki. Aspect, Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2022.

Chembe tatu zina nini ambacho mbili hazina?

Kwa chembe mbili unahitaji takwimu: unapima mara nyingi, unachukua wastani, unalinganisha na kikomo cha Bell. Kwa tatu, hoja inatoka kwa hesabu ya darasa la saba. Daniel Greenberger, Michael Horne na Zeilinger waliitoa mwaka 1989, na hali yenyewe inaitwa GHZ kwa herufi za majina yao. Naomba uifuate taratibu, kwa kuwa ndiyo hoja safi kuliko zote ninazozijua katika fizikia.

Asha, Juma na Neema wako miji mitatu tofauti. Kila mmoja amepewa chembe moja. Kila mmoja ataulizwa swali moja kati ya mawili, A au B, na chembe yake itajibu "ndiyo" au "hapana". Majaribio yanaonyesha kanuni mbili. Mmoja wao akiulizwa A na wawili wakaulizwa B, idadi ya "hapana" huwa witiri kila mara: moja au tatu. Wote watatu wakiulizwa A, idadi ya "hapana" huwa shufwa kila mara: sifuri au mbili.

Sasa tuseme chembe zilikuja na majibu yameandikwa, kama karatasi ndani ya bahasha. Andika 1 kwa kila "hapana" na 0 kwa kila "ndiyo". Jumlisha visa vitatu ambavyo mmoja anaulizwa A na wengine B. Kila kimoja ni witiri, kwa hiyo jumla ya vyote vitatu ni witiri. Lakini angalia kilichomo ndani ya jumla hiyo: jibu la A la kila mtu limeingia mara moja, na jibu la B la kila mtu limeingia mara mbili. Kilichoingia mara mbili ni shufwa daima, kwa hiyo kiondoe. Yanabaki majibu matatu ya A, na jumla yake lazima iwe witiri. Majaribio yanasema ni shufwa.

Hakuna bahasha inayoweza kuandikwa hivyo. Unaweza kukaa na kalamu usiku kucha ukijaza majibu sita utakavyo, lazima kanuni moja ivunjike. Fotoni tatu za aina hii zilitengenezwa kwa mara ya kwanza Innsbruck, Austria, katika kundi la Zeilinger, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Mwaka uliofuata Jian-Wei Pan na wenzake wakachapisha jaribio la hoja yenyewe. Maabara halisi haina ukamilifu wa hadithi yangu, vipimo vingine huenda upande, lakini matokeo yaliangukia upande wa kwanta bila shaka.

Je, chembe tatu hufungamana kwa namna moja tu?

Hapana. Mwaka 2000 Wolfgang Dür, Guifré Vidal na Ignacio Cirac walithibitisha kwamba zipo namna mbili zisizoweza kugeuzwa moja kuwa nyingine kwa kuishughulikia kila chembe mahali pake.

Ya kwanza ni GHZ, nayo ni mafiga matatu: ondoa figa moja, chungu kimeanguka. Chembe moja ikipotea, mbili zilizobaki hazina ufungamano wowote kati yao. Ya pili inaitwa W, nayo ni kama mkeka: chomoa ukili mmoja, zilizobaki bado zimeshikana. Katika W kuna "1" moja tu kundini, na hakuna awezaye kusema iko kwa nani.

Kadiri chembe zinavyoongezeka namna huzidi kuwa nyingi. Kuna hali za mtandao, ambapo kila kyubiti imefungwa na jirani zake, na kuna hali za Dicke, ambazo ni ndugu wakubwa wa W. Ndiyo maana "zimefungamana" peke yake ni habari nusu. Zimefungamana vipi?

Chembe hufungamanishwaje maabara?

Nitakaa zaidi kwenye ioni, kwa kuwa ndizo zinazoonekana vizuri zaidi.

Ndani ya chemba ya utupu, uwanja wa umeme unaobadilika haraka hushikilia ioni chache za kalisi zikielea, zimejipanga mstari mmoja. Zina chaji ya aina moja, kwa hiyo zinasukumana, na kati ya moja na nyingine huwa na mikromita chache tu. Ukizimulika kwa leza inayofaa na kuziangalia kwa kamera, unaziona kama nukta za mwanga zilizotungwa kama shanga.

Kwa kuwa zinasukumana, hakuna inayoweza kutikisika peke yake. Ni kama abiria ndani ya mtumbwi mwembamba: mmoja akisogea, wote wanayumba. Leza huunganisha hali ya ndani ya ioni na kuyumba huko kwa pamoja, na kuyumba ndiko kunakopeleka habari kutoka ioni moja hadi nyingine. Anders Sørensen na Klaus Mølmer walipendekeza mwaka 1999 mbinu ya kumulika ioni zote kwa pamoja kwa rangi mbili za leza, na mwisho wa kumulika mtumbwi umetulia ilhali ioni zimefungamana. Mwaka 2000 kundi la David Wineland huko Boulder, Marekani, lilitumia mbinu hiyo kufungamanisha ioni nne.

Fotoni zina njia yake. Leza yenye nguvu hupita kwenye fuwele maalumu, na mara mojamoja fotoni moja hugawanyika ikawa mbili zilizofungamana. Ukitaka sita au kumi, unaunganisha jozi kadhaa kwa vioo na kusubiri zote zitokee kwa wakati mmoja. Kusubiri huko ndiko kunakochosha. Kundi la Pan huko Hefei, China, lilipofikisha fotoni 10 mwaka 2016, matukio kamili yalikuwa machache tu kwa saa.

Njia nyingine ni saketi za umeme zisizo na ukinzani, atomu zilizoshikwa mojamoja kwa miale ya leza, na mawingu ya maelfu ya atomu ambazo hakuna anayeweza kuzigusa mojamoja. Mawingu hayo tutayarudia, maana yana kesi yake.

Kwa nini ni vigumu kuongeza idadi?

Mazingira hayatulii. Uwanja wa sumaku wa lifti ya jirani, mtetemo wa sakafu, leza inayopotoka kidogo: kila kimoja kinaivuruga hali. Na hali ya GHZ huumia kuliko nyingine. Mwaka 2011 kundi la Rainer Blatt huko Innsbruck lilitangaza GHZ ya ioni 14. Walipofuatilia jinsi hali hiyo inavyochakaa kwa ioni hadi 8, waliona kasi ya kuchakaa inakua kwa kipeo cha pili cha idadi. Maana yake, ioni 8 hazichakai mara nne kuliko ioni 2, zinachakaa mara 16. Sababu ni kwamba kelele ileile inazipiga zote kwa mkono mmoja.

Ukweli huo una upande wa pili. Kinachoumizwa upesi na sumaku ndogo kinaweza pia kuipima sumaku ndogo.

Wakishatengeneza, kwa nini wasipime kila kitu wakamaliza?

Walifanya hivyo mara moja kwa ioni nane, na masimulizi yake yanajibu swali vizuri kuliko nadharia yoyote.

Mwaka 2005 kundi hilohilo la Innsbruck lilitengeneza hali ya W ya ioni nane za kalisi. Ili kuijua hali nzima, kila ioni lazima ipimwe kwa pande tatu tofauti, na lazima upitie michanganyiko yote: 3 kwa 3 kwa 3, mara nane. Hiyo ni mipangilio 6,561. Kila mpangilio ulirudiwa mara 100, kwa kuwa kipimo kimoja cha kwanta hutoa jibu moja tu na kuiharibu hali. Jumla ni majaribio 656,100. Kila jaribio lilianza upya: poza ioni, zitayarishe, zifungamanishe, zipige picha. Kazi hiyo ilichukua saa 10, na muda wote huo leza zililazimika kukaa sawasawa. Kilichopatikana ni jedwali lenye safu 256 na nguzo 256.

Sasa ongeza. Kwa ioni 14 mipangilio ingekuwa 4,782,969. Kwa mwendo uleule, saa 10 zingekuwa siku zaidi ya 300, usiku na mchana. Kwa kyubiti 50, kuiandika tu hali yake kunahitaji namba zaidi ya 1,000,000,000,000,000. Njia ya kupima kila kitu inaishia njiani, na inaishia mapema.

"Shahidi wa ufungamano" ni nani?

Ni kipimo kimoja, au vichache, kilichochaguliwa kwa hesabu ili kitoe ushahidi bila kuijua hali nzima.

Fikiria jahazi tupu. Unajua kwamba likiwa tupu, maji hayapandi kupita alama fulani ubavuni. Siku moja unaliona kwa mbali, maji yamepita alama. Hujapanda, hujafungua ghala, lakini una hakika kwamba limebeba mzigo. Shahidi wa ufungamano ni alama hiyo. Wataalamu wanakokotoa thamani kubwa kabisa ambayo chembe zisizofungamana zinaweza kufikia kwenye kipimo fulani. Ukipima ukapata zaidi, zimefungamana.

Msingi wa wazo hili uliwekwa mwaka 1996 na Michał, Paweł na Ryszard Horodecki wa Gdańsk, Poland, baba na wanawe wawili, na Barbara Terhal ndiye aliyelipa jina la shahidi mwaka 2000.

Alama maarufu ni nusu. Pima jinsi hali uliyotengeneza inavyofanana na GHZ kamili, kutoka 0 hadi 1. Ikizidi 0.5, ufungamano umeenea kundi zima. Kwa nini nusu? Kwa sababu hata kundi lililokatika vipande viwili visivyohusiana linaweza kufika nusu, ila haliwezi kuivuka. Alama hiyohiyo ya 0.5 inafanya kazi kwa hali za mtandao: kundi la Hefei lilipotangaza kyubiti 51 mwaka 2023, kiwango chao kilikuwa 0.637.

Kazi iliyonifurahisha zaidi katika eneo hili ni ya Géza Tóth na Otfried Gühne, mwaka 2005. Walionyesha kwamba kwa GHZ na kwa hali za mtandao mipangilio miwili ya vipimo inatosha kuthibitisha ufungamano wa kundi zima, chembe ziwe ngapi. Linganisha na ile 6,561. Bei yake ni kwamba hali lazima iwe safi zaidi ndipo shahidi huyu aseme. Hiyo ni biashara ya haki kabisa, na watu wa maabara huifanya kila siku.

Kwa nini mnasisitiza "kundi zima"?

Kwa sababu ya udanganyifu unaoweza kutokea bila mtu kukusudia. Chukua chembe nane, zifungamanishe wawili wawili, jozi nne. Mtu anaweza kusema kwa ukweli kwamba chembe zote nane zimefungamana na nyingine. Lakini hakuna ufungamano wa wanane hapo, kuna ndoa nne. Shahidi mzuri hutenganisha ndoa nne na ukoo mmoja.

Shahidi akikaa kimya, ina maana hakuna ufungamano?

Hapana. Rudi kwenye jahazi: maji yakiwa chini ya alama, huenda ni tupu, na huenda limebeba mzigo mwepesi. Shahidi husema "ndiyo" au hunyamaza, hasemi "hakuna". Kila shahidi pia anaijua aina moja ya hali. Wa GHZ hawezi kuitambua W.

Wala tusitegemee kupata shahidi mmoja mwepesi wa mambo yote. Leonid Gurvits alithibitisha mwaka 2003 kwamba kuamua kwa ujumla kama hali imefungamana au la ni miongoni mwa matatizo magumu kabisa ya ukokotoaji, hata ukikabidhiwa jedwali zima la hali hiyo.

Na wingu la atomu, ambazo huwezi kupima mojamoja?

Hapa wanatumia tabia ya kundi. Rusha sarafu 10,000. Utapata vichwa 5,000 hivi, na kutoka mrushio mmoja hadi mwingine idadi itacheza kwa 50 juu au chini. Atomu 10,000 zinazojitegemea hucheza hivyohivyo. Ukikuta zinacheza kwa 10 tu, kuna kitu kinachozipatanisha.

Hilo peke yake halitoshi, na wengi huliruka hapa. Sarafu zilizopangwa kwa mkono, nusu kichwa nusu mwenge, nazo hazichezi, na hazijafungamana. Kwa hiyo kigezo kina sharti la pili: atomu zote ziwe zimeelekea kwa nguvu upande mmoja mwingine, jambo ambalo sarafu zilizopangwa haziwezi. Kutocheza huku zikiwa zimeelekea pamoja ndiko kunakodai ufungamano. Sørensen, Lu-Ming Duan, Cirac na Peter Zoller waliandika kigezo hicho mwaka 2001. Mwaka huohuo Sørensen na Mølmer waliongeza swali la kina: ili kutulia kiasi hiki, kikundi kidogo kabisa kinachohitajika kina atomu ngapi? Namba hiyo inaitwa kina cha ufungamano, na ukisoma habari yoyote kuhusu mawingu ya atomu, itafute hiyo kwanza.

Basi rekodi ni ngapi: 51, 3,000, milioni 16 au trilioni 15?

Zote zilikuwa za kweli zilipotangazwa na hazishindani, kwa sababu hazipimi kitu kimoja.

Jijini Paris mwaka 2014 kundi la Jakob Reichel na Jérôme Estève lilionyesha kwamba katika atomu 41, angalau 13 zilikuwa zimefungamana kwa pamoja. Mwaka 2015 kundi la Vladan Vuletić huko MIT lilitumia fotoni moja kufungamanisha karibu atomu 3,000. Mwaka 2017 Geneva ilitangaza angalau milioni 16 ndani ya fuwele. Fuwele inameza fotoni moja, na hakuna ajuaye ni atomu ipi iliyoimeza. Ni ndugu wa W, "1" moja iliyosambaa kwa mamilioni. Ufungamano huo ni mpana mno, lakini kila atomu ina hisa ndogo sana ndani yake, na huwezi kuzielekeza mojamoja.

Ya mwaka 2020 ndiyo iliyonishangaza. Kundi la Morgan Mitchell huko Barcelona na wenzake lilichukua mvuke wa rubidi wa nyuzijoto 177, moto kuliko maji yanayochemka, atomu zikigongana bila kukoma. Likathibitisha kwamba angalau atomu trilioni 15 zilikuwa zimeingia katika hali zilizofungamana. Nilikuwa nawafundisha watoto kwamba ufungamano unahitaji baridi kali. Nimeacha. Lakini namba hiyo inahesabu walioshiriki, haidai kwamba trilioni 15 ni ukoo mmoja usiokatika.

Kyubiti 51 za Hefei kwa upande wao zinaelekezwa kila moja peke yake, na ufungamano umethibitishwa kwa kundi zima. Kwa kompyuta ya kwanta ninaiona 51 hiyo kuwa na uzito kuliko mamilioni ya fuwele. Kwa kipima sumaku ningesema kinyume.

Ufungamano huu una faida gani leo?

Upimaji, kabla ya kompyuta. Atomu zinazojitegemea zikitumika kwenye saa, kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: ukitaka usahihi mara 10, leta atomu mara 100. Zikifungamana vizuri, kwa nadharia atomu mara 10 zinatosha. Mwaka 2020 kundi la Vuletić liliingiza ufungamano kwenye saa ya mwanga yenye atomu 350 hivi za yterbi, na saa ikashinda kiwango cha atomu zinazojitegemea.

Si kila ufungamano unafaa kwa kazi hiyo, na hapa utafiti unaendelea kwa kasi. Luca Pezzè na Augusto Smerzi walionyesha mwaka 2009 jinsi ya kutenganisha ufungamano unaoongeza usahihi na usioongeza chochote. Kizuri ni kwamba hoja yao inarudi nyuma pia: chombo kikipima vizuri kuliko kikomo cha atomu zinazojitegemea, chenyewe kimekuwa shahidi.

Je, naweza kutuma ujumbe haraka kuliko mwanga?

Hapana. Kila upande unaona majibu ya kubahatisha tu. Uhusiano huonekana pale mnapolinganisha daftari, na daftari husafiri kwa simu au kwa basi kama habari nyingine.

Vipi kuhusu tiba na bangili za "nguvu ya kwanta"?

Usinunue. Hakuna jaribio lolote kati ya haya linalohusiana na bidhaa hizo. Mgonjwa apelekwe hospitali.

Naweza kujaribu mwenyewe nikiwa Afrika Mashariki?

Ndiyo. Tangu mwaka 2016, IBM ilipoweka kompyuta ya kyubiti tano kwenye intaneti, mwanafunzi wa Dodoma au Bukavu mwenye kompyuta na bando anaweza kutengeneza GHZ kwenye mashine halisi iliyo ng'ambo. Anayetaka kusomea nadharia kwa kina ana mahali karibu: Kigali kuna Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, iliyoanzishwa mwaka 2018 chini ya kituo cha ICTP cha Trieste na Chuo Kikuu cha Rwanda.

Fanya hivi. Chukua kyubiti tatu. Weka geti (hatua moja ya kubadili hali ya kyubiti) ya H kwenye ya kwanza, kisha CNOT, geti inayoigeuza kyubiti moja pale nyingine ikiwa 1, kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kisha CNOT kutoka ya pili kwenda ya tatu. Pima, rudia mara 1,000 au zaidi. Utaona 000 karibu nusu na 111 karibu nusu, na makosa machache katikati.

Usishangilie bado. Mtu anayerusha sarafu moja na kuandika 000 au 111 angepata jedwali hilohilo bila ufungamano wowote. Unahitaji shahidi. Pima upya kwa maswali ya Asha, Juma na Neema. Kwa swali A, weka H kwenye kyubiti kabla ya kupima. Kwa swali B, weka geti ya S iliyogeuzwa, kisha H. Endesha mipangilio minne: AAA, ABB, BAB na BBA. Kwa kila mpangilio, chukua idadi ya matokeo yenye "1" kwa shufwa (sifuri ni shufwa), toa yenye "1" kwa witiri, gawanya kwa jumla ya vipimo. Kisha chukua namba ya AAA na utoe zile nyingine tatu.

Mrusha sarafu atapata karibu 0. Majibu yaliyoandikwa kwenye bahasha hayawezi kuzidi 2. GHZ kamili inatoa 4. Ukipata kati ya 2 na 2.83, bahasha zimekataliwa, lakini inawezekana ni kyubiti mbili tu zilizofungamana na ya tatu imesimama kando. Ukizidi 2.83 kwa kiasi ambacho makosa ya vipimo vyako hayawezi kukieleza, basi zote tatu zimo, na umethibitisha mwenyewe.